Anayetamba na Anayenyamaza

Wasomaji wetu wa pwani na wale wa Kagera watatuwia radhi tukianza na habari ya kwetu Singida, tena habari ndogo. Mvua zimekwisha, alizeti imekwisha kukatwa na kupigwa, na wanaume waliokuwa mashambani tangu Novemba wameupata tena mchana wao. Huu ndio msimu wa bao. Mtu apitaye karibu na soko alasiri, upepo wa Ziwa Singidani ukivuma na mavumbi yake, atawakuta watu wameuzunguka ubao mmoja chini ya kivuli: wawili wameketi, kumi na watano wamesimama, na hao waliosimama ndio wenye kelele.

Siku moja ya juma lililopita na sisi tulikuwa miongoni mwa waliosimama. Akafika kijana ambaye hapana aliyemjua, viatu vyake vyeupe, simu mkononi. Akawaamkia wazee kwa adabu, akaitikiwa. Akautazama mchezo hadi ukaisha, kisha akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Hili bao mnalicheza polepole mno, wazee wangu. Mimi huko Dar es Salaam nilikotoka, mwaka mzima sijafungwa."

Kulikuwa na kimya kidogo. Kisha mzee mmoja, ambaye tangu sisi tungali watoto tumesikia akitajwa kuwa fundi wa bao pale sokoni, akasogeza kigoda na kusema kwa upole mwingi, "Karibu, mjukuu wangu. Sisi watu wa shamba hatujui kitu, twasukuma muda tu. Labda utatufundisha. Tuweke soda moja, mchezo upate ladha."

Wote tuliosimama pale tulijua litakalofuata, na hapana aliyefungua kinywa. Katika mchezo wa kwanza nyumba ya kijana ililiwa mapema, na safu yake ya mbele ikamalizwa huku mzee angali na kete mkononi. Katika wa pili alijitahidi zaidi, lakini mwisho ulikuwa ule ule. Katika wa tatu alikuwa amekwisha kutokwa na jasho, akawa anahesabu kwa vidole, na watu wakamhesabia kwa sauti, kila mmoja hesabu yake ya uongo, ili wamchanganye. Alilipa soda mbili. Ya tatu hakuwa na fedha yake. Akaondoka. Kicheko kilimfuata hata kwenye kituo cha mabasi, na kusema kweli kicheko chetu kilikuwamo.

Tulipokuwa twarudi nyumbani ndipo neno moja likaanza kutusumbua. Kila mtu pale alisema kijana alistahili, kwa kuwa alijisifu uongo. Naam, alijisifu. Lakini hebu tuulize kwa haki: katika ubao ule ni nani aliyesema uongo mkubwa zaidi? Kijana alisema anajua, naye alijua kiasi. Mzee alisema hajui kitu, naye ajua kuliko watu wote wa soko lile.

Swali hili si geni. Aristotle, mwanafalsafa wa Wayunani, alilishughulikia katika kitabu cha nne cha Maadili yake. Alisema kwamba juu ya nafsi yake mtu aweza kuikosa kweli kwa njia mbili: kwa kudai zaidi ya alicho nacho, au kwa kukana kile alicho nacho. Katikati yao yuko msema kweli, asemaye alivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Aristotle aliona kwamba kwa kawaida mwenye majivuno ndiye mbaya zaidi kati ya wawili hao. Walakini akaongeza jambo ambalo watu wa barazani hulisahau: mtu ajisifuye bila kutafuta faida yoyote ni mpuuzi kuliko kuwa mwovu, na wale wajipunguzao hupendeza kwa sababu hawatafuti faida. Sasa tuirudie ile soda. Kijana alijisifu bure. Mzee alijishusha kwa soda mbili. Naye Mtakatifu Thoma wa Akwino, alipolipima jambo hilo hilo miaka mingi baadaye, alikubali kwamba majivuno mara nyingi ndiyo yenye uzito zaidi, lakini akasema waziwazi kwamba mtu akijidharau kwa hila, ili adanganye, basi kosa lake lapita lile la mwenye kujisifu.

Hatusemi haya ili tumhukumu mzee wetu. Tumekula naye, tutakula naye tena. Twasema kwa sababu sisi wote, si watu wa bao peke yao, tumezoea kuyaona majivuno upande mmoja tu. Lugha yetu ina neno kwa mgeni anayejitapa kwa jambo alilolipata jana: twamwita limbukeni. Tumelitafuta neno la kumwita mkongwe ambaye amekuwa na jambo hilo miaka arobaini na hataki mwingine awe nalo, wala hatujalipata. Penye neno pana macho. Pasipo neno watu hupita bila kuona.

Lakini kwanza lazima tuseme jambo moja kwa ajili ya kutamba kwenyewe, maana tusipolisema tutakuwa tumewaonea watu wengi. Kutamba ni sehemu ya bao kama vile chumvi ilivyo sehemu ya mchuzi. Bao bila vijembe ni hesabu ya darasani. Tangu zama za Muyaka wa Mombasa, zaidi ya miaka 180 iliyopita, washairi wa pwani wamelitumia bao kuwa mfano wa vita na wa siasa, na vita havina watu wapole. Mchezaji asemapo, "Leo utalala njaa," hapana anayedanganyika. Kila mtu ajua kwamba ni maneno ya mchezo, naye aliyeambiwa atalipiza kwa maneno ya namna hiyo hiyo. Huo si uongo, kwa kuwa uongo wataka mtu wa kuuamini. Basi twawezaje kuipambanua tambo ya mchezo na majivuno ya kweli? Kwa maneno haiwezekani. Maneno ni yale yale. Dalili huonekana mtu akisha kufungwa. Mwenye kutamba hucheka na kuomba mchezo mwingine. Mwenye kujivuna hutafuta sababu: jua lilimpiga machoni, watu walipiga kelele, ubao si ule aliouzoea.

Yule kijana hakutafuta sababu. Jambo hili tulilikumbuka usiku tu. Alilipa, akaomba tena, akalipa, akaomba tena. Yawezekana sana kwamba yale maneno yake ya kwanza yalikuwa tambo tu, ya namna ambayo huko atokako yangejibiwa kwa tambo, na sisi tukayapokea kama tusi.

Tena tufikiri hali ya mgeni. Anafika mahali ambapo watu wote wajuana. Yule mzee akiketi, hana haja ya kusema neno juu yake mwenyewe. Wako kumi na watano nyuma yake wa kumsemea. Watasimulia mchezo alioushinda mwaka fulani, na jinsi alivyomfunga dereva wa lori kutoka Manyoni hata dereva akasahau kuondoka. Mgeni hana hata mmoja wa kumsemea. Jina lake amelibeba mwenyewe kinywani, na asipolitamka yeye, hapana atakayelitamka. Twaita ukimya wa mkongwe unyenyekevu, na kelele za mgeni twaziita kiburi, kumbe pengine tofauti ni hii tu, kwamba mmoja anao wapiga tarumbeta na mwingine hana. Mtu ambaye hasemi kwa kuwa wengine wamsemea, bado hatujajua kama ni mnyenyekevu. Tungojee siku watakaponyamaza.

Sasa tuutazame mchezo wenyewe, kwa kuwa una fundisho lake. Bao letu lina mashimo 32 na kete 64, nusu kwa nusu. Hapana dadu, hapana karata zilizofichwa, hapana bahati. Kila kete iko wazi mbele ya macho ya wote wawili, na hata mtoto aliyesimama pembeni aweza kuhesabu kama ana akili ya kuhesabu. Mwanzoni kila mchezaji anaweka kete 6 katika nyumba yake, 2 na 2 katika mashimo ya jirani, naye anabaki na 22 mkononi za kuingiza moja moja. Kufikiri mapema kete itafika wapi, itakula nini, na ikila itarudi wapi, ndiyo kazi yote. Umahiri huo ni mkubwa hata Mholanzi mmoja, Alex de Voogt, aliwachunguza mabingwa wa Zanzibar na mwaka 1995 akaandika kitabu kizima juu ya mipaka ya akili ya binadamu kwa kutazama watu hao walioketi barazani.

Kwa kuwa hapana bahati, kufungwa katika bao ni jambo la uchi. Katika karata mtu husema, "Sikupata karata nzuri." Katika bao hana la kusema, ni yeye. Hiyo ndiyo sababu limbukeni wa bao hapaswi kutuhangaisha sana. Ugonjwa wake na dawa yake vimekaa katika ubao mmoja. Akiisha kufungwa mara kumi ama atanyamaza ama atajifunza, na mara nyingi hufanya yote mawili. Ubao humwambia kweli bila chuki.

Lakini ni nani atakayemwambia mkongwe kweli? Ubao hausemi naye, kwa kuwa kila siku ubao uko upande wake. Kila mgeni anayekimbia humthibitishia kwamba yeye ni fundi. Kadiri awatishavyo wajao, ndivyo wapungukavyo wa kumfunga. Na kadiri wapungukavyo, ndivyo anavyozidi kujiona hafungiki. Majivuno ya namna hii hayana kelele, hayachukizi mtu, tena hupewa heshima ya mvi. Kwa ajili hiyo twayaogopa kuliko yale ya kijana mwenye viatu vyeupe.

Matokeo yake si ya kubuni. Nendeni mkatazame baraza za bao katika miji yetu, muwahesabu walio chini ya miaka 25. Wako wapi? Wako na simu. Wanacheza drafti, sataranji na michezo ya vita na watu ambao hawatawaona kamwe, huyu Singida, huyu Nairobi, yule Muscat. Wazee husema vijana wamevutwa na anasa. Tulimwuliza mmoja wao, naye alitupa jibu ambalo hatukulitazamia. Alisema, "Padre, simu hunipa mtu wa kiasi changu."

Ni kweli. Katika sataranji kuna hesabu ya kumpimia kila mchezaji nguvu zake kwa nambari, iliyobuniwa na Arpad Elo, mwalimu wa fizikia huko Marekani mzaliwa wa Hungaria. Shirikisho la Sataranji la Dunia liliikubali mwaka 1970, na leo michezo mingi ya mtandaoni huwapima watu kwa njia hiyo au kwa njia inayofanana nayo. Ukishinda nambari hupanda, ukishindwa hushuka, na mashine hukutafutia mtu aliye karibu na nambari yako. Mtu angedhani majivuno yangekwisha hapo, maana ya nini kujisifu wakati nambari yako yasomwa na wote? Hayakwisha. Vijana hutuambia kwamba matusi ya huko yapita yale ya sokoni. Mwenye nambari 1500 humtukana mwenye 900, naye mwenye 900 huenda akamtafuta mwenye 600. Nalo hili latufundisha kitu: mtu hajisifu kwa sababu watu hawajui kiasi chake. Hujisifu kwa sababu angependa kuwa mtu fulani mbele ya mtu fulani, na nambari haiwezi kumpa hilo. Baraza ingaliweza.

Husimuliwa habari ya Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, kwamba alipokuwa mtoto mdogo alikuwa akicheza bao, lile waliitalo kwao soro, na Chifu Mohamed Makongoro wa Ikizu, rafiki wa baba yake. Chifu mtu mzima, mtoto wa mwenziwe; nani angeshangaa kama chifu angemfukuza akachunge mbuzi? Badala yake aliiona akili ya mtoto katika namna alivyohesabu kete, akamshauri Chifu Burito ampeleke shule. Mwaka 1934 mtoto akaingia shule ya Mwisenge, Musoma. Hatusemi kwamba bao lilituletea Uhuru; hayo yangekuwa majivuno yetu sisi. Twasema tu kwamba mkongwe yule, ubao ukiwa mbele yake, aliinua macho akamtazama aliyeketi upande wa pili.

Na majirani zetu wa Uganda wanayo habari ya Phiona Mutesi, msichana wa mtaa wa Katwe mjini Kampala, ambaye alilifuata darasa la sataranji la Robert Katende kwa ajili ya kikombe cha uji. Aliyepewa kazi ya kumwonyesha mwendo wa kila kipande alikuwa mtoto mdogo kuliko yeye. Phiona akaja kuiwakilisha nchi yake katika Olimpiadi ya sataranji. Katika darasa lile mkongwe alikuwa mtoto mchanga, naye hakudai kigoda.

Tulipoyasema haya kwa wazee wa pale sokoni, mmoja alitupinga, na pingamizi lake lina nguvu. "Baba," alisema, "sisi tulijifunza kwa kufungwa. Hapana aliyetubembeleza. Mkiwabembeleza hawa, mtapata wachezaji wa uji." Twakubali nusu. Kumwachia mgeni ashinde makusudi ni uongo mwingine, tena ni dharau; ni kumwambia kwamba hastahili nguvu zako. Mfungeni, tena mfungeni kwa nguvu zote. Lakini mchezo ukiisha, ni kazi ya dakika tano kuzirudisha kete mahali zilipokuwa na kusema, "Hapa ndipo ulipopotea, nyumba yako ilikuwa yalindwa, ukaiacha kwa tamaa ya kete tatu." Hapana fundi aliyekuwa fundi bila kuonyeshwa hivyo na mtu, hata kama amesahau ni nani. Mzee yule alitikisa kichwa. Hakusema ndiyo, wala hakusema siyo.

Na sisi tunayasemea wapi haya? Tulipokuwa seminari kuu tulikuwa mabingwa wa drafti ya vizibo vya soda, au ndivyo tulivyodhani. Akaja ndugu mmoja wa mwaka wa kwanza wa falsafa, akasema kwamba kijijini kwao ni yeye aliyewafunga walimu wote. Tulimwambia, kwa uso wa huruma, kwamba sisi twajifunza tu. Jumapili hiyo mchana tulimfunga mara kumi na moja. Tulihesabu kwa chaki ukutani. Hakurudi tena mezani petu, nasi tukaona tumemtendea mema kwa kumponya kiburi. Mwaka wa pili yake tukaanza kumsikia mpishi akijisifu kwamba hapana mseminari awezaye kumfunga. Tulikwenda jikoni mmoja mmoja, na mmoja mmoja tulifungwa. Tulipomwuliza mpishi ni nani aliyemfundisha ule mwendo wa pembeni ambao hatukuwa tumeuona popote, alimtaja yule ndugu. Kumbe jioni zote zile alikuwa huko, penye moshi, akicheza na mtu asiyemcheka. Nambari kumi na moja ilikaa ukutani hadi tulipopakwa mafuta ya upadre, na kila tulipopita tuliitazama kwa namna tofauti.

Juzi tulirudi sokoni. Mzee fundi alikuwa kigodani pake, akipanga kete kwa ajili ya mchezo mpya, na mbele yake hapana aliyeketi. Tulimsimulia habari ya mpishi. Alicheka sana, kisha akanyamaza, akazigeuza geuza kete kiganjani.

"Yule kijana," akasema, "ule mchezo wa pili aliniweka pabaya kidogo. Hamkuona. Ni mtoto wa nani?"

Wote wakatazamana. Mmoja akasema labda ni wa Mkalama, mwingine akasema la, ni wa Ikungi, alimwona akishuka katika basi la huko. Michezo mitatu, soda mbili na kicheko cha alasiri nzima. Wala hapana hata mmoja wetu, sisi tukiwamo, aliyekuwa amemwuliza jina.